Mama, mbwa wako ana kadi?

SEHEMU YA 1: Msimamo wangu

Nilipotangaza kwamba mada ya leo ni mbwa, kuna aliyeniuliza, "Nesi, mbwa tena? Si utuambie mambo ya lishe?" Lishe tutairudia. Leo ni mbwa, kwa sababu katika kaya nyingi hapa Hedaru mbwa na mtoto wa miaka minne wanashinda uwanja mmoja kuanzia asubuhi mpaka jioni, na sisi wazazi tuna kadi ya chanjo ya mmoja tu.

Naweka msimamo wangu mezani mapema. Mbwa anayefungwa kamba kutwa, asiyezoea watu na asiyechanjwa, ni hatari kwa watoto wako kuliko huyo mwizi uliyemfugia. Na mbwa aliyechanjwa, anayejulikana mtaani na anayejua adabu za watu, ni kinga kwa watoto wote wa mtaa, hata wa yule jirani asiyetaka kusikia habari za mbwa. Kwa hiyo ukiamua kufuga, fuga kama unavyolea: kadi, chakula, mipaka na watu. Kama huwezi, usifuge. Si dhambi kutokuwa na mbwa.

Mimi ninaye mmoja, jike. Alitoka kwenye kituo kimoja huko Arusha kinachookota mbwa wasio na wenyewe, kinawatibu na kuwatafutia nyumba. Mdogo wangu anaishi kule, ndiye aliyeniunganisha. Akaja Hedaru nyuma ya pikapu, ndani ya tenga, ametoa macho kama mgeni asiyejua anashukia kituo gani.

Mnajua kwetu mbwa hupewa jina la kupeleka ujumbe kwa jirani. Utasikia Sijali, Mtajiju, Wivu. Mimi nilijua maneno yatakuja: Hedaru mbwa wamejaa, nesi anaagiza mbwa Arusha! Basi nikamwita Watasema. Na kweli walisema. Watoto wakafupisha, sasa mtaa mzima unamwita Sema.

Sema alikuja na kitu ambacho mbwa wengi wa hapa hawana: kadi. Imeandikwa tarehe ya chanjo ya kichaa cha mbwa, tarehe ya kurudia, dawa ya minyoo, na kwamba ameshafungwa kizazi. Niliiweka kwenye bahasha moja na kadi za kliniki za watoto wangu. Hilo ndilo ninalotaka tuongee: ile bahasha.

SEHEMU YA 2: Kwa nini kadi

Kichaa cha mbwa si hadithi ya zamani. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia. Karibu wote, asilimia 99, wameupata kwa mbwa. Na katika kila watu kumi wanaokufa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Soma tena hapo. Ni ugonjwa wa watoto wetu, kwa sababu mtoto ndiye anayecheza na mbwa, ndiye mfupi anayefikiwa usoni na kichwani, na ndiye anayeficha mkwaruzo kwa kuogopa kuchapwa.

Kirusi kinakaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Kinaingia kwa kung'atwa, kwa kukwaruzwa, au mate yakigusa kidonda, macho au mdomo. Kikishaingia, kinafuata mishipa ya fahamu taratibu kuelekea kwenye ubongo. Kwa kawaida safari hiyo huchukua miezi miwili mitatu. Wakati mwingine ni siku chache, wakati mwingine hata mwaka. Ndiyo maana familia inasahau. Kidonda kimepona, mtoto anaenda shule, halafu siku moja anaanza homa, anawashwa pale alipong'atwa, anaogopa maji.

Nimeshamwona mgonjwa wa namna hiyo. Sitasema ni nani wala wapi. Nitasema tu kwamba alikuwa na kiu, anayataka maji, na kikombe kikifika mdomoni koo linakaza mwili mzima unashtuka. Katikati ya hayo akili zinamrudia, anakujibu, anakutambua. Dalili zikishaanza hatuna dawa ya kumrudisha. Tunachofanya ni kumpunguzia mateso.

Sasa upande wa pili. Ugonjwa huu wa kutisha namna hii unazuilika kabisa. Louis Pasteur na wenzake walimchanja mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, kule Paris tarehe 6 Julai 1885, baada ya kung'atwa na mbwa mwenye kichaa, na yule mtoto akaishi. Zaidi ya miaka 130 imepita. Chanjo za leo ni bora na salama kuliko ile. Kwa hiyo mtoto wa leo akifa kwa kichaa cha mbwa, usiniambie ni kwa sababu sayansi haijajua.

Na njia rahisi kuliko zote ni kumchanja mbwa kabla hajamng'ata mtu. Sindano moja ya mbwa, inayorudiwa kwa tarehe ya kwenye kadi, ni ndogo sana kwa gharama ukilinganisha na dozi za mtu, nauli za kwenda na kurudi, na siku za kazi unazopoteza. Mama anayesema hana hela ya kumchanja mbwa, namwelewa, maisha ni magumu. Lakini namwomba apige hesabu ya upande ule mwingine.

SEHEMU YA 3: Ratiba ya Sema

Hapa ndipo watu wanaponicheka. Wanasema mbwa wangu ana mialiko kuliko mimi. Ni kweli, na nimefanya makusudi.

Asubuhi kabla jua la tambarare halijawa kali, tunatembea naye kandokando ya reli, yeye na kamba yake. Watoto wa shule wanapita na sare zao, anawaona, wanamwona, kila mtu anaendelea na safari yake. Mchana analala chini ya mwarobaini. Saa kumi na moja jioni ndiyo saa yake ya wageni: watoto wa jirani wanakuja, wanaomba ruhusa, wananyoosha mkono anusie, wanamrushia mpira wa makaratasi. Kikao cha kikoba cha akina mama kikifanyika kwangu, yupo pembeni amejilaza, na siku hizi mwenyekiti akichelewa yeye ndiye mlinzi wa sanduku. Na kuna bibi wa nyumba ya tatu, mama yetu sote, ambaye watoto wake wako mjini. Sema humpitia kila jioni. Bibi anasema hataki mbwa, halafu nakuta amemwekea ukoko wa ugali kwenye kifuu.

Mbwa anayekutana na watu namna hii tangu mapema anajifunza kwamba mtoto anayepiga kelele si adui, kwamba baiskeli si adui, kwamba mwanamke mwenye ndoo kichwani si adui. Mbwa aliyefungwa kamba kutwa nyuma ya nyumba hajifunzi hilo. Kila anachokiona kinamtisha, na mbwa mwenye hofu ndiye anayeng'ata. Siku kamba ikikatika, wa kwanza kukutana naye hawi mwizi. Ni mtoto aliyetumwa dukani.

Kuna hoja naisikia kila siku: "Mbwa akizoea watu hatalinda." Dada yangu, mbwa anayembwekea kila mtu hakuambii kitu, umeshazoea kelele zake kama redio. Sema hambwekei mpita njia mchana. Akibweka saa nane usiku, mimi na majirani zangu wawili tunawasha taa. Mbwa anayewajua watu wa mtaa ndiye anayemjua asiye wa mtaa.

Lakini kuwa na watu ni pamoja na kujua mipaka ya watu. Majirani zetu wengi ni Waislamu, na kwao mate ya mbwa ni najisi. Yakimgusa mtu au nguo ni lazima ajitwaharishe kabla ya swala. Hilo si jambo la kubishana wala kucheka. Mkeka wa jirani si njia ya mbwa wangu. Ijumaa mchana hatupiti njia ya msikitini. Jumamosi majirani Wasabato wakiwa wanarudi kanisani na nguo zao nyeupe, Sema yuko bandani na matope yake. Na akija mgeni anayeogopa mbwa, anayeondoka ukumbini ni mbwa, siyo mgeni. Ukimwambia mtu "usiogope, hang'ati" huku mbwa yuko magotini kwake, hujamsaidia. Mwondoe kwanza, ndipo uongee.

Na nyumbani kwangu mbwa hali kwenye vyombo vya watu, halali kitanda cha mtoto, na haachwi peke yake na mtoto mchanga hata dakika tano. Nampenda, lakini ni mnyama. Dawa ya minyoo anapata kwa ratiba, kinyesi chake kinazolewa na kufukiwa, na watoto wakimaliza kucheza naye wananawa kwa sabuni. Mayai ya minyoo ya mbwa hukaa kwenye udongo, na mtoto anayetambaa hujui kipi kinaingia mdomoni.

SEHEMU YA 4: Wafundishe watoto, na ujue la kufanya

Mtoto anafundishwa namna ya kuvuka ile barabara kubwa ya Tanga na Moshi, tena tunamshika mkono mpaka ajue. Mbona hatumfundishi mbwa? Haya ndiyo ninayowafundisha wa kwangu, nawe wafundishe wako:

Mbwa anayekula, anayelala, au mwenye watoto, haguswi.
Mbwa wa mtu haguswi mpaka mwenyewe aseme sawa.
Usimkimbie mbwa. Simama kama mti, mikono kwapani, usimtazame machoni.
Ukiangushwa, jikunje kama jiwe, funika uso na masikio.
Usimrushie jiwe.

Hilo la mwisho nataka nilisemee. Tumezoea kuona watoto wakimpiga mbwa mawe, na watu wazima tunapita. Acha kwamba ni ukatili, na kwamba nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008. Fikiria faida yake tu: mbwa aliyepigwa mawe na watoto kumi amejifunza kwamba mtoto ni adui. Mwanao amerusha leo. Atakayeng'atwa kesho ni mtoto wa mwenzio anayepita hana habari.

Sasa mtoto akishang'atwa au kukwaruzwa, hata kama ni kidogo, hata kama mbwa ni wenu wenyewe:

Kwanza, maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili. Angalia saa. Sabuni yoyote, hata ya mche. Hii ni tiba, siyo usafi tu. Inapunguza kirusi palepale.

Pili, usipake kitu. Si tumbaku, si pilipili, si mafuta ya taa, si majivu, si dawa ya mizizi. Akina mama wanaingia na mtoto begani, jeraha limejazwa vitu mpaka hulioni, na muda wa kusafisha umeshapotea. Nawaheshimu wazee wetu na dawa zao, lakini kwa hili hawana dawa, na sisi hospitali tukichelewa hatuna pia.

Tatu, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Usisubiri kesho, usisubiri baba arudi safari. Chanjo haipatikani kila zahanati, kwa hiyo uliza mapema iko wapi, ili usizunguke na mtoto. Dozi ya kwanza ni siku ile, nyingine siku ya 3, nyingine siku ya 7, na zinazofuata kama utakavyoandikiwa. Jeraha likiwa la kina, au la uso, kichwa na mikono, mtoto anaweza kuhitaji na sindano ya ziada kwenye kidonda. Malizia dozi zote. Kidonda kupona si kigezo.

Nne, usimuue mbwa kwa hasira. Kama anaweza kufungiwa salama, afungiwe na aangaliwe siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, tunajua hakuwa na kirusi kwenye mate siku aliyong'ata, na mtaalamu anaweza kubadilisha mpango wa matibabu. Lakini chanjo ianze huku mnaangalia, msisubiri siku 10 ziishe. Akifa, au akiwa ameshakufa, msimshike kwa mikono mitupu wala msimtupe kimyakimya. Mwambieni afisa mifugo.

Tano, usimchape mtoto kwa kung'atwa. Mtoto akijua atachapwa, safari ijayo ataficha, na kuficha ndiko kunakoua.

SEHEMU YA 5: Mbwa wako si mambo yako peke yako

Mnakumbuka tulivyoongea kuhusu surua, kwamba ukiwachanja watoto wa kutosha ugonjwa unakosa pa kupita? Kwa mbwa ni vilevile. Wataalamu wanasema tukichanja mbwa 7 katika kila 10, kirusi kinakosa njia. Si lazima wote. Saba. Lakini hao saba hawawezi kuwa wa nesi peke yake.

Watu wengine husema dawa ni kuwaua mbwa wote wanaozurura. Imejaribiwa sehemu nyingi duniani na haikumaliza ugonjwa. Ukiua mbwa wa mtaa huu, chakula na majalala yanabaki, mbwa wa mtaa wa pili wanahamia, tena wageni, tena bila chanjo. Na wale wachache waliochanjwa umewaua pia, yaani umebomoa ukuta wako mwenyewe.

Tazama Pemba. Kule ni Waislamu karibu wote na wafugaji wa mbwa ni wachache, lakini kichaa cha mbwa kilikuwepo. Kuanzia 2010 wakaanza kuchanja mbwa kwa kampeni, na kufikia 2014 ugonjwa ukakatika. Mwaka 2016 ukaletwa tena kutoka nje ya kisiwa, ukasambaa. Wakarudi kwenye chanjo, na kufikia 2018 wakaukata tena. Nimejifunza mambo mawili hapo. Inawezekana, tena hapahapa Tanzania. Na ukilegeza, unarudi.

Na tazama jirani yetu wa karibu zaidi, Mkomazi. Kwenye mradi wa kuwazalisha mbwa mwitu ulioanza miaka ya 1990, ugonjwa wa distempa uliingia mwishoni mwa 2000. Ndani ya miezi kama miwili, mbwa mwitu 49 kati ya 52 walikufa. Miaka michache kabla yake, 1994, distempa iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Distempa haiwapati watu, lakini ni ugonjwa wa hawahawa mbwa tunaofuga. Kwa hiyo mbwa asiye na kadi hapa tambarare ni habari ya mtoto wa jirani, na ni habari ya mnyama wa porini ambaye watalii wanamfuata mpaka Same. Mbwa hajui mpaka wa kiwanja chako.

Nikuombe mambo manne basi, na hakuna hata moja linalohitaji ufunge safari ya Arusha kutafuta mbwa.

Kama una mbwa, wiki hii muulize afisa mifugo wa kata chanjo inapatikana lini na kwa shilingi ngapi. Mkijikusanya kaya kumi, ni rahisi kumwita mtaalamu aje kwenu. Sisi wa kikoba tumeshaanza kuongea tutenge fungu dogo kwa ajili hiyo.

Siku ya chanjo ya mbwa ikitangazwa, peleka wote, hata wale wadogo. Usimtume mtoto wa miaka saba peke yake na mbwa watatu kwenye kamba moja. Nenda naye.

Kama hutaki watoto wa mbwa, mfungishe kizazi jike wako kila itakapowezekana, au mfungie akiwa kwenye joto. Vile vitoto vinavyoachwa usiku nyuma ya gulio kwenye kiroba ndivyo vinavyokuwa mbwa tunaowaogopa baada ya mwaka mmoja.

Na kwenye mkutano wa kijiji, baada ya maji na barabara, mama mmoja anyooshe mkono aulize: mbwa wetu wanachanjwa lini? Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na lengo la dunia ni kwamba ifikapo 2030 asife mtu yeyote kwa kichaa kilichotoka kwa mbwa. Lengo hilo halitafikiwa Geneva. Litafikiwa kwenye uwanja wako, pale mwanao anapocheza.

Naingia zamu ya usiku sasa. Ukimaliza kusoma, fungua ile bahasha ya kadi za watoto uhesabu. Kama nyumba ina mbwa na kadi yake haimo, unajua kazi ya kesho asubuhi.